George Stephenson: mchunga ng'ombe aliyejifunza kusoma akiwa na miaka 18 na kulipa dunia reli

Katika makumbusho ya reli jijini Nairobi imesimama injini kubwa ya mvuke yenye jina la mlima wa Tanzania. Inaitwa Mount Shengena, jina la kilele kirefu kuliko vyote katika milima ya Upare. Hapo hapo ipo nyingine inayoitwa Mount Gelai. Ni miongoni mwa injini 34 zilizoundwa Manchester, Uingereza, katika miaka ya 1950 kwa ajili ya reli za Afrika Mashariki. Kila moja ilikuwa na uzito wa karibu tani 250, na kwenye reli za upana wa meta moja hapakuwa na injini ya mvuke kubwa kuliko hizo popote duniani. Zilivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi mpaka injini za dizeli zilipozipokea kazi.

Wazee wetu waliofanya kazi ya reli enzi hizo wanajua kwamba injini ya mvuke haikuwa mali ya dereva peke yake. Pembeni yake alikuwepo mchochea moto. Huyu aliulisha moto, akaangalia kiwango cha maji, akalinda nguvu ya mvuke isishuke njiani wala isizidi kiasi. Dereva na mchochea moto walifanya kazi kwenye joto kali, masizi na kelele, na mara nyingi waliitambua hali ya injini yao kwa kuisikiliza tu.

Leo tunakusimulia maisha ya mtu aliyeanzia kwenye kazi hiyo ya kuchochea moto. Alikuwa mtoto wa wazazi wasiojua kusoma, akachunga ng'ombe kando ya reli, akaja kuitwa baba wa reli. Jina lake ni George Stephenson. Amekufa zaidi ya miaka 170 iliyopita, lakini ukipanda treni ya kisasa kutoka Dar es Salaam kwenda Dodoma, au kutoka Mombasa kwenda Nairobi, unasafiri juu ya kipimo alichokipitisha yeye. Tutalifikia hilo mwishoni.

Chumba kimoja kando ya reli

George Stephenson alizaliwa tarehe 9 Juni 1781 katika kijiji cha Wylam, kaskazini-mashariki mwa Uingereza, karibu na mji wa Newcastle. Nyumba waliyoishi ilikaliwa na familia nne, kila familia ikiwa na chumba kimoja. Baba, mama na watoto walilala, walipika na kula humo humo.

Mbele ya mlango ilipita njia ya reli. Usifikirie reli za chuma na treni. Zilikuwa reli za mbao, na juu yake farasi walivuta mabehewa yenye makaa ya mawe kutoka mgodini kwenda mto Tyne, ambako makaa yalipakiwa kwenye vyombo vya majini. Reli zilikuwepo kabla ya injini za kuzipita. Kilichokosekana kilikuwa kitu cha kumpumzisha farasi.

Baba yake, Robert, alikuwa mchochea moto kwenye injini ya pampu ya mgodi. Migodi ya makaa huchimbwa chini sana, na chini kuna maji. Maji yasipotolewa mchana na usiku, mgodi unafurika na kazi inasimama. Injini za mvuke za kwanza ziliundwa kwa ajili ya shida hiyo, na zilikuwa kubwa kama nyumba, zimejengwa mahali pamoja, haziendi popote.

Zinavyofanya kazi si jambo geni kwa mtu yeyote aliyewahi kupika. Ukichemsha maji kwenye sufuria yenye kifuniko, kifuniko kinaanza kucheza. Maji yakigeuka mvuke yanahitaji nafasi kubwa mno, zaidi ya mara 1,600 ya nafasi yalipokuwa maji. Ukiufungia mvuke huo ndani ya boila, yaani birika kubwa la chuma, kisha ukaupa njia moja tu ya kutokea, utasukuma chochote utakachokikuta njiani. Katika injini unasukuma pistoni, na pistoni inasukuma pampu au gurudumu. Boila likiwa dhaifu, au mvuke ukizidi, linapasuka na kuua waliopo karibu.

Familia haikuwa na fedha za shule. George akiwa mtoto alipewa kazi ya kuchunga ng'ombe wa mama mmoja mjane, na sehemu ya kazi hiyo ilikuwa kuwazuia wanyama wasipande kwenye njia ya mabehewa. Alipwa senti chache kwa siku. Inasimuliwa kwamba ng'ombe wakiwa wametulia, yeye alikaa chini na kufinyanga injini za udongo, pamoja na mabomba yake ya vijiti.

Ngazi ya mgodini

Kutoka kuchunga alipanda hatua kwa hatua. Kwanza aliokota mawe kutoka kwenye makaa. Kisha akaongoza farasi wa mgodi. Alipofika karibu miaka 14 akawa msaidizi wa baba yake kwenye moto. Akiwa na miaka 17 alipewa kusimamia injini ya pampu katika mgodi wa jirani, kazi ya juu kuliko ya baba yake. Kijana akawa amempita mzee wake.

Kwa muda wa mapumziko, wenzake walipokwenda kunywa au kucheza, yeye aliifungua mashine, akaisafisha, akatazama kila kipande kinagusana na kipi, kisha akairudishia. Hakuwa na kitabu cha kumweleza. Hata angekipata asingeweza kukisoma. Katika miaka 18 bado hakujua kuandika jina lake.

Ndipo akaanza kwenda darasa la usiku, akilipa kutoka mshahara wake. Kijana mwenye mabega ya kazi ya mgodini alikaa kujifunza herufi ambazo watoto wadogo walikuwa wamezimaliza. Alijifunza kusoma, kuandika na hesabu. Hesabu alizipenda hasa, na akawa anazifanya pembeni ya injini usiku wa zamu. Kuandika hakukumpendeza kamwe, na mpaka uzee alipendelea mtu mwingine amwandikie barua.

Mwaka 1802 alimwoa Frances Henderson, maarufu kwa jina la Fanny. Mwaka uliofuata walipata mtoto wa kiume, wakamwita Robert, jina la babu yake. Mshahara haukutosha, hivyo George alishona viatu na kutengeneza saa za watu jioni. Mwaka 1804 walihamia Killingworth, mahali penye migodi mikubwa.

Hapo misiba ilifuatana. Walipata binti aliyeishi wiki chache tu. Mwaka 1806 Fanny akafariki kwa kifua kikuu. George alibaki mjane akiwa na miaka 24 na mtoto mdogo mkononi. Alimwacha mtoto kwa mama mmoja wa pale, akaenda kwa miguu mpaka Uskochi kutafuta kazi. Aliporudi baada ya miezi kadhaa alimkuta baba yake amepofuka, kwa kuwa mvuke ulikuwa umemlipukia usoni kazini. Akiba aliyokuja nayo ililipa madeni ya mzee. Wakati huo Uingereza ilikuwa vitani dhidi ya Ufaransa, na jina la George lilipoitwa kwenye jeshi alilazimika kumlipa mtu mwingine aende badala yake. Akafikiria kuhamia Marekani. Hakuwa na nauli.

Dada yake Eleanor alikuja kukaa naye na kumlea mtoto. Bila shangazi huyo, historia ya reli ingekuwa nyingine.

Taa ya mgodini na heshima ya msomi

Mwaka 1811 mgodi mmoja wa Killingworth ulijaa maji kwa sababu injini yake mpya ya pampu haikufanya kazi. Mafundi walijaribu kwa miezi mingi wakashindwa. Stephenson aliomba kuijaribu. Aliifungua, akabadilisha sehemu zake, na ndani ya siku chache wachimbaji waliweza kushuka tena. Mwaka 1812 wenye migodi wakampa usimamizi wa mashine zao zote.

Mwaka huo huo, tarehe 25 Mei 1812, mgodi wa Felling karibu na Newcastle ulilipuka na kuua watu 92, wakiwemo watoto waliofanya kazi chini. Sababu ilikuwa gesi. Chini ya ardhi gesi inayowaka hutoka kwenye makaa yenyewe, na wachimbaji walihitaji mwanga, na mwanga wa siku hizo ulikuwa mshumaa au taa ya moto wazi. Kila mchimbaji alishuka na kitu ambacho kingeweza kumuua yeye na wenzake wote.

Stephenson alianza kutengeneza taa salama. Hakujua kemia. Alitazama tu jinsi moto unavyofanya ukikutana na gesi, na akagundua kwamba mwali hauwezi kupenya matundu madogo sana. Basi akatengeneza taa ya kioo ambayo hewa iliingia kupitia matundu hayo. Mwezi wa Oktoba 1815 aliichukua taa yake ikiwaka na kuipeleka mwenyewe mahali gesi ilipokuwa ikivuma kutoka kwenye mwamba. Angekosea, asingerudi. Taa haikulipua.

Wiki chache baadaye mwanasayansi maarufu wa London, Humphry Davy, alitangaza taa yake iliyotumia wavu wa waya, kwa kanuni inayofanana. Davy akazawadiwa paundi 2,000. Stephenson akashutumiwa kwamba ameiba wazo, kwa maana mtu asiye na shule angewezaje kufikia jambo la kisayansi kama hilo? Watu wa Newcastle walimtetea, wakachunguza, wakamchangia paundi 1,000. Mwaka 1833 kamati ya Bunge ilikubali kwamba kila mmoja alikuwa na haki sawa ya kudai uvumbuzi wake. Davy alikuwa ameshafariki, na mpaka kifo chake hakukubali kamwe.

Jeraha hilo Stephenson hakulisahau. Tangu hapo hakuwaamini wataalamu wa London, na kutowaamini huko kulimsaidia mara nyingine na kumponza mara nyingine.

Injini inayotembea

Wengi husema Stephenson alivumbua treni. Si sahihi. Mwaka 1804 huko Wales, Richard Trevithick aliendesha injini ya mvuke juu ya reli ikivuta mzigo. Baadaye wengine walijaribu mjini Leeds, na hata Wylam, kijiji alichozaliwa Stephenson, mgodi ulikuwa na injini yake. Tatizo lilikuwa kwamba injini hizo zilivunja reli kwa uzito, ziliharibika mara kwa mara, na hazikuonekana kuwa nafuu kuliko farasi.

Stephenson alitengeneza ya kwake mwaka 1814, akaiita Blücher. Ilivuta tani 30 za makaa kwa mwendo wa kilomita 6 na nusu kwa saa hivi, ambao ni mwendo wa mtu anayetembea haraka. Hakuishia hapo. Aliunda nyingine, akarekebisha magurudumu, akarekebisha reli. Aliona mapema jambo ambalo wengine hawakulizingatia: injini na reli ni mashine moja. Ukiboresha injini ukaacha reli mbovu, hujafanya kitu.

Mwaka 1821 mfanyabiashara Edward Pease na wenzake walipata kibali cha kujenga reli kati ya miji ya Stockton na Darlington. Walikuwa wamepanga kutumia farasi. Stephenson alimshawishi Pease aje Killingworth kutazama injini zake, na mpango ukabadilika. Katika reli hiyo Stephenson alishauri kutumia aina mpya ya reli za chuma kisichovunjika kirahisi, ijapokuwa yeye mwenyewe alikuwa na hataza ya reli za chuma cha kumimina ambazo zingemwingizia fedha. Uaminifu huo ulimgombanisha na mshirika wake wa biashara.

Tarehe 27 Septemba 1825 injini iitwayo Locomotion, akiiendesha Stephenson mwenyewe, ilivuta treni ya makaa, unga na mamia ya watu waliojazana kwenye mabehewa ya mizigo. Umati ulikimbia pembeni ya njia, na wengine walikuwa juu ya farasi.

Kazi yenyewe ilibaki ya hatari. Madereva na wachochea moto wa injini za kwanza hawakuwa na kibanda, walisimama kwenye mvua na upepo. Mwaka 1828 boila la Locomotion hiyo hiyo lilipasuka na kumuua dereva wake. Kila hatua ya reli ilikuwa na mtu wa kawaida aliyeilipia, na wengi wao majina yao hayakuandikwa popote.

Siku alipoumbuliwa Bungeni

Miezi michache tu kabla ya sherehe ya Stockton, Stephenson alikuwa amepata aibu kubwa kuliko zote maishani mwake.

Wafanyabiashara wa Liverpool na Manchester walitaka reli kati ya miji yao, umbali wa kilomita 50 hivi. Pamba ilishuka bandarini Liverpool na viwanda vilikuwa Manchester, lakini mizigo ilisafiri polepole kwa mifereji ya maji. Ili kujenga reli kulihitajika sheria ya Bunge, na katika majira ya kuchipua ya mwaka 1825 Stephenson aliitwa mbele ya kamati London kueleza mpango wake.

Wenye mifereji na wenye ardhi kubwa waliipinga reli. Walikuwa wamewazuia wapima ardhi wake wasiingie mashambani, mahali pengine kwa walinzi wenye bunduki, mpaka vipimo vingine vikachukuliwa kwa kujificha. Wakaajiri mawakili hodari. Mmoja wao, Edward Alderson, alimhoji Stephenson siku baada ya siku. Walimcheka kwa lafudhi yake nzito ya kaskazini, ambayo baadhi yao waliielewa kwa shida. Hilo lilikuwa dharau tu.

Lakini maswali mengine yalikuwa ya haki. Aliulizwa kuhusu daraja la mto Irwell na upana wa mto wenyewe, akashindwa kujibu. Vipimo vya mwinuko wa ardhi vilikuwa na makosa. Alikuwa amewaachia wasaidizi kazi hiyo na hakuihakiki. Alderson aliuita mpango mzima upuuzi, na muswada ukaanguka. Kampuni ikatafuta wahandisi wengine wenye majina makubwa, nao wakapima njia upya, na mwaka 1826 Bunge likakubali.

Tunaona ni vema kulisema hili wazi, kwa sababu hadithi za watu mashuhuri mara nyingi huwaonyesha kana kwamba walionewa tu. Stephenson alionewa kwa asili yake na lafudhi yake. Pia alikosea, na kosa lake lilitoka kwenye upande ule ambao shule ingemsaidia: kupima, kuandika na kuhakiki karatasi. Kuijua mashine kwa sikio hakukutosha pale ambapo mtu alidai namba.

Baba na mwana

Yeye mwenyewe alikuwa amelijua pengo hilo zamani. Tangu Robert akiwa mdogo, George aliweka akiba ili mtoto asome. Alimpeleka shule nzuri mjini Newcastle, na kijana alikwenda na kurudi kwa punda. Robert alijiunga na maktaba ya chama cha wasomi mjini humo, akawa analeta vitabu nyumbani. Jioni baba na mwana walisoma pamoja, mwana akimsomea baba na kumfafanulia, baba akimwonyesha mwana jinsi jambo hilo linavyotokea kwenye mashine halisi. Baadaye alimpeleka Chuo Kikuu cha Edinburgh kwa miezi sita, muda ambao mfuko wake uliuweza.

Mwaka 1823 walifungua kiwanda cha injini Newcastle na kukiita kwa jina la mwana, Robert Stephenson na Kampuni. Robert alikuwa hajafikisha miaka 20.

Kampuni ya Liverpool na Manchester ilipopata kibali ilimrudia George Stephenson, kwa sababu hapakuwa na mtu mwingine aliyekuwa amejenga reli nyingi kama yeye. Mbele yake palikuwa na kinamasi cha Chat Moss, bonde la matope lisilo na chini imara, ambalo wengi walisema haliwezi kupitika. Stephenson hakujaribu kulijaza lote. Alichimba mitaro ya kupunguza maji, kisha akatandika matita ya vichaka na matawi, tabaka juu ya tabaka, mpaka njia ikaelea juu ya kinamasi kama jamvi. Treni bado zinapita hapo leo.

Swali lililobaki lilikuwa nini kitavuta mabehewa. Wakurugenzi wengi walipendelea injini zisizotembea, zilizojengwa kando ya njia na kuvuta kwa kamba. Ili kuamua, walitangaza mashindano Rainhill, mwezi Oktoba 1829, kwa zawadi ya paundi 500. Washindani watano walifika. Mmoja alileta chombo kilichoendeshwa na farasi akitembea juu ya mkanda ndani yake. Nyingine zilikuwa za mvuke, na mojawapo ilikuwa nyepesi na ya kasi, ikipendwa na watazamaji, lakini ikaharibika.

Injini ya akina Stephenson iliitwa Rocket. Robert ndiye aliyesimamia uundaji wake kiwandani. Badala ya bomba moja kubwa la moto kupita ndani ya maji, ilikuwa na mabomba membamba 25, hivyo joto liligusa maji mahali pengi na mvuke ulipatikana haraka. Wazo hilo lilitoka kwa Henry Booth, ofisa wa kampuni ya reli ambaye hakuwa mhandisi. Rocket pekee ilimaliza mtihani wote, na ikiwa haina mzigo mzito ilifikia karibu kilomita 48 kwa saa. Ujuzi wa mikono ya baba, elimu ya mwana na wazo la karani viliingia ndani ya boila moja. Injini za mvuke zilizofuata kwa zaidi ya miaka 100, hata zile zenye majina ya Shengena na Gelai, zilifuata mpango huo wa mabomba mengi.

Furaha na msiba siku moja

Reli ya Liverpool na Manchester ilifunguliwa tarehe 15 Septemba 1830. Waziri Mkuu, Duke wa Wellington, alikuwepo, akisafiri kwenye treni iliyoendeshwa na Stephenson mwenyewe. Njiani treni zilisimama kuchukua maji. Wageni walikuwa wameombwa wasishuke, lakini baadhi walishuka na kutembea juu ya njia. Mbunge wa Liverpool, William Huskisson, alikwenda kumsalimia Wellington. Rocket ikaja kwenye njia ya pili. Huskisson alibabaika, akaanguka, na mguu wake ukasagwa.

Stephenson alimchukua majeruhi kwenye injini iitwayo Northumbrian na kukimbia naye mpaka mji wa Eccles kutafuta daktari, kwa mwendo ambao binadamu wachache sana walikuwa wamewahi kusafiri. Huskisson alifariki jioni ile. Watu waliisoma habari hiyo wakajua mambo mawili kwa pamoja: kwamba reli inaua, na kwamba reli ina kasi isiyo ya kawaida. Pamoja na msiba huo abiria walijaa, na ndani ya miaka michache kila mji mkubwa ulitaka reli yake.

Kipimo kilichotufikia

Stephenson alizeeka akiwa tajiri. Alikataa kupewa cheo cha heshima cha kifalme. Mwaka 1847 alikuwa rais wa kwanza wa Taasisi ya Wahandisi wa Mitambo. Katika nyumba yake ya Tapton, karibu na Chesterfield, alilima bustani na kushindana na majirani kwa mazao. Matango yake yaliota yamepinda, jambo lililomkera, hivyo akatengenezesha mirija ya kioo na kuyaingiza matango humo yakiwa machanga, yakakua yamenyooka. Fundi alibaki fundi. Alifariki hapo tarehe 12 Agosti 1848, akiwa na miaka 67. Mwanawe Robert, ambaye naye alikuja kuwa mhandisi mkubwa wa reli na madaraja, alifariki mwaka 1859.

Sasa turudi kwenye kile kipimo. Njia za mabehewa za Killingworth, zilizokuwa za farasi, zilikuwa na upana fulani kati ya reli na reli. Stephenson aliujengea injini zake upana huo, akautumia Stockton, kisha Liverpool, ukiwa umeongezwa kidogo tu. Mhandisi mwingine maarufu, Brunel, alijenga reli pana zaidi, na kulikuwa na ubishi mkubwa. Mwaka 1846 Bunge liliamua kwamba reli mpya Uingereza zifuate upana wa Stephenson. Ni milimita 1,435.

Reli zetu za zamani hazikufuata kipimo hicho. Reli iliyoanza Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu mwaka 1901, na Reli ya Kati iliyotoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kufika Kigoma mwaka 1914, zilijengwa kwa upana wa meta moja. Lakini reli ya kisasa ya Mombasa na Nairobi, iliyozinduliwa mwaka 2017, na ile ya umeme ya Dar es Salaam, Morogoro na Dodoma, iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024, zote ni za milimita 1,435. Hiyo ndiyo maana ya herufi SGR tunazozisikia kila siku. Hakuna moto wala mvuke humo tena, lakini umbali kati ya reli na reli umetoka kwenye njia za farasi za migodi ya Killingworth.

Msikilizaji wetu, kama nyumbani kwenu kuna mzee aliyefanya kazi kwenye injini za mvuke, awe dereva, mchochea moto, fundi wa karakana au mtu wa kufungua njia, muulize aliijuaje injini iliyokuwa na tatizo kabla haijasimama. Kaa naye umsikilize, na kama yeye hakuzoea kuandika, mwandikie. George Stephenson alikuwa na Robert wa kumsomea na kumwandikia. Wazee wengi wa reli zetu wana kumbukumbu kama zake, ila hawajapata bado mtu wa kukaa nao na daftari.